Matibabu ya Mzizi wa Jino: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Majibu haya yamekusanywa kutokana na maswali ambayo wagonjwa wa Mtwara na Lindi huyauliza tena na tena wakiwa kwenye kiti cha daktari wa meno, pamoja na yale yanayoulizwa na ndugu zao wanaosubiri nje kwenye benchi. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Jino na kiini chake

1. Matibabu ya mzizi wa jino ni nini hasa?

Chini ya gamba gumu jeupe la jino, yaani enameli, kuna tabaka liitwalo dentini, na katikati ya dentini kuna chumba chenye nyama laini, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Nyama hiyo ndiyo kiini cha jino. Hushuka kutoka kwenye chumba hicho hadi ncha ya mzizi kupitia mfereji mwembamba sana. Kiini kikishambuliwa na vijidudu kiasi cha kutoweza kupona tena, daktari hukiondoa chote, huusafisha mfereji, kisha huujaza na kuuziba ili vijidudu visipate pa kuishi. Jino hubaki mahali pake na huendelea kutafuna.

Wengi hapa kwetu huyaita matibabu haya "kuua jino" au "kuua mshipa". Jina hilo linapotosha, na ninaamini limewafanya wengi wachague kung'oa kwa kudhani kwamba jino litakalobaki ni maiti ndani ya mdomo. Kinachoondolewa ni kiini kilichokwisha kuharibika. Mzizi wenyewe unaendelea kushikwa na nyuzi hai zinazouunganisha na mfupa wa taya, na ndiyo maana mtu aliyetibiwa bado huhisi anapouma kitu kigumu kwa jino hilo.

2. Je, kuna mdudu anayekula jino?

Hakuna mnyoo wala mdudu wa kuonekana kwa macho. Wapo bakteria, ambao hula sukari na wanga uliobaki kwenye meno na kutoa asidi inayoyeyusha enameli polepole. Tundu likifika kwenye dentini maumivu ya baridi na utamu huanza, na likikaribia kiini, bakteria huingia ndani.

Kwamba wahusika ni bakteria na si tundu lenyewe kulithibitishwa na jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1965 na Kakehashi na wenzake wawili. Walitoboa meno ya panya hadi kwenye kiini na kuyaacha wazi. Kwa panya wa kawaida, kiini kilioza na majipu yakatokea. Kwa panya waliolelewa katika mazingira yasiyo na vijidudu vyovyote, kiini kilipona na kujijengea ukuta mpya wa dentini, ingawa chakula kilikuwa kimeshindiliwa ndani ya tundu. Matibabu ya mzizi yanasimama juu ya ukweli huo: ondoa vijidudu, zuia njia yao ya kurudi, na mwili utamaliza kazi iliyobaki. Kufukiza jino kwa moshi ili "mdudu atoke" hakugusi chochote kilichomo ndani ya mfereji.

3. Nitajuaje kama jino langu limefikia hatua hiyo?

Jino linalouma kwa sekunde chache ukinywa maji baridi, kisha likatulia mara tu unapomeza, kwa kawaida bado linaweza kuponywa kwa kuzibwa tu. Jino ambalo maumivu yake hubaki nusu dakika au zaidi baada ya baridi au moto kuondoka, linalouma lenyewe bila kuguswa, au linalokuamsha usiku na kuzidi unapolala chali, mara nyingi kiini chake kimeshapita hatua ya kupona. Dalili nyingine ni maumivu unapogongesha meno, jino kugeuka rangi na kuwa la kijivu, na kijipu kidogo kwenye ufizi kinachopasuka, kutoa usaha, kufunga, na kurudi tena.

Jambo moja huwachanganya wagonjwa wengi. Maumivu ya kiini hayajui mipaka; gego la chini laweza kuuma hadi sikioni, na mtu akaapa kwamba linalouma ni la juu. Kwa hiyo mwache daktari alijaribu kila jino kwa baridi, aligonge taratibu na kupiga picha ya eksirei kabla ya kuamua.

4. Lilikuwa linauma sana, sasa limenyamaza. Si limepona?

Hapana, na hili ndilo kosa linalogharimu meno mengi kuliko yote. Maumivu makali hutoka kwenye mishipa ya fahamu iliyo ndani ya kiini. Kiini kikifa, mishipa hiyo hufa nayo, na mgonjwa hulala usingizi mzuri baada ya wiki nzima ya kukesha. Anashukuru, anarudi shambani au baharini. Wakati huohuo bakteria wanakula masalia ya kiini na kushuka hadi ncha ya mzizi, na pale mfupa wa taya huanza kuliwa polepole, pasipo maumivu yoyote. Baada ya miezi au hata miaka, uso huvimba ghafla.

Nimewaona wazee waliofika na shavu limejaa hadi jicho kufumba, wakisema jino lile "lilipona zamani". Ukimya wa jino lililowahi kukutesa ni sababu ya kwenda kupimwa.

## Kutibu au kung'oa

5. Kwa nini nisiling'oe tu, yaishe?

Kung'oa ni matibabu halali, na kwa baadhi ya meno ndiyo njia pekee (tazama swali la 9). Hata hivyo hayaishi. Meno ya jirani huanza kuinamia kwenye pengo, jino la taya ya pili linalokosa mwenzake hujitokeza zaidi, chakula hunasa mahali ambapo hakikuwa kikinasa, na mfupa uliokuwa ukilishika jino husinyaa. Mtu aliyeng'oa magego mawili ya upande mmoja huhamishia kazi yote upande wa pili, na muhogo mkavu au pweza huwa chakula cha kukitazama tu.

Ni kweli kwamba kung'oa hulipiwa fedha kidogo siku ile. Lakini hesabu ya haki iweke pia jino la bandia litakalotakiwa baadaye, ambalo hata likitengenezwa vizuri halitafuni kwa nguvu ya jino lililoota lenyewe.

6. Je, antibayotiki haziwezi kuumaliza ugonjwa huu?

Haziwezi, na sababu yake ni nyepesi kueleweka. Dawa uliyomeza husafiri kwa damu. Kiini kilichokufa hakina damu tena, kwa hiyo dawa haifiki ndani ya mfereji ambamo bakteria wamejificha. Itapunguza uvimbe ulioko nje ya mzizi kwa siku kadhaa, kisha waliobaki ndani watazaliana upya. Kununua amoksilini au metronidazo dukani kila jino linapouma, na kuziacha likitulia, huwazoesha bakteria dawa ambazo siku moja zitahitajika kuokoa maisha.

Antibayotiki zina nafasi yake pale ambapo uvimbe unasambaa, kuna homa, au mgonjwa ana hali iliyotajwa kwenye swali la 18. Hata hapo huambatana na kulifungua jino au kuling'oa.

7. Vipi kuhusu karafuu, maji ya chumvi na dawa za kienyeji?

Mafuta ya karafuu yana yujeno, ambayo kweli hutuliza maumivu ya jino kwa muda, na madaktari wa meno wenyewe huichanganya katika baadhi ya vizibo vya muda. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi husafisha kinywa na kuupa ufizi nafuu. Vyote viwili vinafaa kukuvusha usiku mmoja.

Usiweke aspirini juu ya ufizi, kwani huunguza nyama. Na usithubutu kuweka mafuta ya ganda la korosho ndani ya jino au karibu nalo. Kila aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua yanavyobabua vidole. Ngozi ya ndani ya shavu ni laini kuliko kidole.

8. Naweza kusubiri hadi fedha za korosho zitoke?

Swali hili huulizwa kila mwaka kuanzia Julai, wakati minada huanza Oktoba na malipo ya chama cha msingi hufuata baadaye. Ninalichukulia kwa uzito, kwa sababu anayeuliza ana jino linalouma na mfuko mtupu kwa pamoja.

Jibu ni kwamba usisubiri ukiwa na jino wazi. Mwambie daktari hali yako tangu mwanzo. Anaweza kulifungua jino, kuondoa kiini kinachouma, kuweka dawa ndani na kuliziba kwa kizibo cha muda, na hatua hiyo peke yake humaliza sehemu kubwa ya maumivu. Lakini kizibo cha muda kimetengenezwa kwa ajili ya wiki chache. Kikikaa miezi huvuja, bakteria hurudi, na huenda jino likapasuka. Panga tarehe ya kumalizia ndani ya muda atakaokutajia, na uulize kama malipo yanaweza kugawanywa. Wenye bima waulize kabla ya kuanza ni sehemu gani ya matibabu inalipiwa, hasa kofia ya jino (swali la 15).

9. Ni lini jino haliwezi kuokolewa?

Mzizi uliopasuka kwa urefu hauungiki. Jino lililooza hadi chini ya ufizi, kiasi kwamba hakuna ukuta wa kushikilia kizibo, halina maana ya kutibiwa mzizi. Vivyo hivyo jino linalocheza kwa sababu mfupa umeliwa na ugonjwa wa fizi. Gego la mwisho lililoota upande, lisilo na mwenzake wa kutafuna naye, kwa kawaida hung'olewa. Daktari akikwambia jino halitibiki, muombe akuonyeshe sababu kwenye picha.

10. Huduma hii inapatikana wapi?

Zahanati na vituo vingi vya afya huishia kwenye kung'oa na dawa za maumivu. Mahali pa kuanzia kuulizia ni hospitali za rufaa za mikoa, yaani Ligula mjini Mtwara na Sokoine mjini Lindi, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo, na kliniki binafsi za meno mijini. Kabla ya kupanda gari kutoka Newala, Nachingwea au Liwale, piga simu uulize mambo mawili: je, wanatibu mizizi ya magego au meno ya mbele tu, na je, mashine ya eksirei inafanya kazi wiki hiyo?

## Siku ya matibabu

11. Je, inauma?

Sifa mbaya ya matibabu haya imetokana na maumivu yaliyomleta mgonjwa. Sindano ya ganzi, mara nyingi lignokaini, ikishika vizuri, utahisi msukumo na mtikisiko tu. Ninapaswa kusema kweli hapa: gego la chini lililowaka sana huwa gumu kuingia ganzi, na huenda ukahitaji sindano ya pili au ya tatu mahali tofauti. Kubalianeni na daktari ishara ya mkono, na ukihisi maumivu uinyooshe mara moja. Kuvumilia kimya hakumsaidii yeyote.

12. Daktari hufanya nini hatua kwa hatua?

Baada ya picha na ganzi, huvisha jino kitambaa chembamba cha mpira, mbinu iliyoanzishwa na daktari wa meno wa Marekani, Sanford Barnum, mwaka 1864. Jino pekee huchomoza. Kitambaa hicho huzuia mate yenye bakteria yasiingie kwenye mfereji, na huzuia dawa na vifaa vidogo visidondoke kooni. Unayo haki ya kuuliza kama kitatumika.

Kisha hutoboa sehemu ya juu ya jino na kutafuta milango ya mifereji. Meno ya mbele ya juu huwa na mfereji mmoja. Gego la kwanza la chini kwa kawaida lina mizizi miwili na mifereji mitatu au minne. La juu lina mizizi mitatu, na mara nyingi mfereji wa nne uliojificha. Mfereji ukisahaulika, ugonjwa hubaki. Daktari hupima urefu wa kila mmoja, kisha huusugua kwa vijisindano laini vinavyofanya kazi kama tupa, huku akiosha mara kwa mara kwa dawa ya klorini ya jamii moja na ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Kazi kubwa ya kuua bakteria hufanywa na uoshaji huo, kwa sababu mfereji una vichochoro ambavyo hakuna kifaa kinachoweza kuvifikia. Ndiyo maana daktari asiye na haraka ni neema.

Mifereji ikishakauka hujazwa guta-pecha, utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki unaolainika kwa joto, pamoja na gundi maalumu. Picha ya mwisho huonyesha kama ujazo umefika karibu na ncha ya mzizi bila kuipita.

13. Ninatoka mbali. Lazima nirudi mara ngapi?

Jino lisilo na usaha laweza kumalizwa kwa siku moja. Lenye jipu mara nyingi huwekewa dawa ya kalsiamu haidroksaidi na kufungwa kwa wiki moja au mbili kabla ya kujazwa. Mweleze daktari umbali wa safari yako ili apange miadi mirefu na michache. Picha zinazopigwa ni ndogo, na kiasi cha mionzi yake ni kidogo sana.

14. Je, naweza kutibiwa mwezi wa Ramadhani?

Kitabibu hakuna kizuizi. Maji hutumika kinywani, lakini kitambaa cha mpira na bomba la kunyonya hupunguza sana uwezekano wa kumeza. Kuhusu kama sindano ya ganzi inagusa swaumu, muulize sheikh unayemwamini kabla ya siku ya miadi. Wengi huchagua kumaliza mwezi wa Shaabani, na ni uamuzi mzuri kama jino halijavimba. Jino lililovimba lisisubiri Idi. Dawa zinazomezwa mara mbili kwa siku zinaweza kupangwa wakati wa futari na wa daku. Mwombe daktari akuandikie za namna hiyo.

## Baada ya matibabu

15. Kwa nini naambiwa niweke kofia wakati jino limeshatibiwa?

Jino lililotobolewa juu limepoteza sehemu ya kuta zake, na gego hubeba nguvu kubwa ya kutafuna. Kofia hulikumbatia na kulizuia lisipasuke. Meno ya mbele yaliyobaki na kuta nzima mara nyingi hutosheka na kizibo cha kudumu. Kwa magego, ushauri wangu ni kwamba fedha ikibana, afadhali kuahirisha jambo lingine la nyumbani kuliko kofia, kwa sababu gego zuri lililotibiwa kwa taabu na kisha kupasuka katikati kwa punje ya hindi la kuchoma halirudi.

16. Jino linauma siku mbili baada ya kutibiwa. Nimeharibiwa?

Si lazima. Tishu zinazozunguka ncha ya mzizi huwa zimechokozwa, na maumivu ya kuuma chakula kwa siku chache ni ya kawaida. Ibuprofeni hufaa kwa asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala ujauzito. Wengine watumie parasetamo. Rudi haraka kama maumivu yanazidi baada ya siku ya tatu, kama uvimbe unaongezeka, au kama kizibo cha muda kimetoka.

17. Litadumu muda gani?

Lililosafishwa vizuri na kufunikwa vizuri hudumu miaka mingi, na mara nyingi maisha yote. Hata hivyo bado linaweza kutoboka upya pembezoni, tena bila kukuuma, kwa hiyo mswaki wenye dawa ya floraidi unaendelea. Picha ya marejeo baada ya mwaka mmoja huonyesha kama mfupa umejaa tena. Ugonjwa ukirudi, mfereji unaweza kufunguliwa na kusafishwa upya. Likigeuka rangi kwa ndani, linaweza kung'arishwa.

## Hali za pekee

18. Nina ugonjwa mwingine, au ni mjamzito. Nifanye nini?

Mjamzito anaweza kutibiwa, na miezi ya kati, kuanzia wa nne hadi wa sita, ndiyo yenye nafuu zaidi ya kukaa kwenye kiti. Maambukizi yaliyoachwa ni hatari kwake kuliko sindano ya ganzi. Asimeze diklofenaki wala ibuprofeni kwa uamuzi wake mwenyewe.

Mwenye kisukari ale na kumeza dawa zake kama kawaida, na apange miadi ya asubuhi. Sukari isiyodhibitiwa huchelewesha kupona. Mwenye valvu ya moyo ya bandia, au aliyewahi kupata maambukizi ndani ya moyo, huhitaji antibayotiki kabla ya kazi kuanza. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache bila kuongea na aliyemwandikia. Mwenye selimundu aiseme hali yake mapema, kwa kuwa kiini cha jino chaweza kuuma au kufa wakati wa shambulio hata kama jino halijatoboka.

19. Mtoto ana gego lililotoboka. Si litang'oka lenyewe?

Kwanza hakikisha ni gego gani. Gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya magego ya utoto mtoto akiwa na miaka 6 hivi, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi wengi hulidhania la utoto na kuliacha lioze, na halina mbadala.

Kwa jino la utoto lililofikiwa na ugonjwa, mara nyingi daktari huondoa sehemu ya juu ya kiini tu na kuliziba, ili litunze nafasi ya jino lijalo. Kwa jino la ukubwani lililoota karibuni, mzizi huhitaji takribani miaka mitatu kukamilika, na kiini hai ndicho kinachoujenga; hapo daktari atajitahidi kukiokoa kiini au sehemu yake.

20. Jino limegongwa au kung'oka kwa ajali ya bodaboda au kuanguka mnazini. Linaokoleka?

Jino lililong'oka zima lishikwe upande wa juu, kamwe si kwenye mzizi. Kama ni la ukubwani na ni safi, lirudishwe kwenye tundu lake palepale; kama ni chafu, lisuuzwe kwa sekunde chache tu bila kusugua. Kama haiwezekani kulirudisha, liwekwe ndani ya maziwa na mgonjwa awahishwe, vyema ndani ya saa moja. Wengi huuliza kuhusu maji ya dafu, kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu. Yana asidi kidogo, na maziwa ni bora zaidi. Jino la utoto lisirudishwe. Matibabu ya mzizi ya jino la mtu mzima lililorudishwa huanza ndani ya wiki mbili.

21. Babu alichongwa meno ujanani na sasa moja linauma. Linatibika?

Baadhi ya wazee wa Kimakonde bado wana meno yaliyochongwa. Kwa miaka mingi kiini hujihami kwa kujijengea dentini zaidi upande wa ndani, ndiyo sababu wengi wao hawakuwahi kuumwa. Kinga hiyohiyo huufanya mfereji uwe mwembamba mno, hivyo kazi ni ngumu na ndefu, lakini umri peke yake si kizuizi. Mzee apimwe kwa heshima, na asiambiwe tu kwamba meno ya uzeeni hung'olewa.

22. Ni dalili zipi za kutosubiri hadi asubuhi?

Uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, ulimi kusukumwa juu, kushindwa kumeza mate, kushindwa kufungua mdomo, sauti kubadilika, kupumua kwa shida, au uvimbe unaofunga jicho pamoja na homa. Usikande kwa moto, na usitumbue. Maambukizi ya jino yakifika chini ya ulimi na shingoni yanaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali usiku huohuo akiwa ameketi wima, na anayemsindikiza aseme mlangoni kwamba chanzo ni jino.